Jumba la klabu: maana yake, kazi zake na nani hasa mwenye ufunguo

Katika matangazo ya nyumba zinazouzwa kandokando ya jiji la Nairobi, aghalabu mnunuzi huahidiwa mambo manne: lango lenye walinzi, kisima cha maji, bwawa la kuogelea na "klabuhausi". Matatu ya kwanza hayahitaji ufafanuzi. La nne huwaacha wengi wakijiuliza iwapo ni baa, ukumbi wa harusi, chumba cha mazoezi ya viungo au yote hayo kwa pamoja. Swali hilo ni la haki, kwa sababu mnunuzi hulilipia jengo hilo katika bei ya nyumba yake, kisha huendelea kulilipia kila mwezi.

Kwa maana yake ya msingi, jumba la klabu ni jengo la watu waliojiunga pamoja kwa hiari kwa ajili ya jambo fulani, liwe mchezo, muziki, taaluma au mazungumzo tu, ambao hulitumia kwa haki ya uanachama wala si kwa kulipa mlangoni. Hapo ndipo linapotofautiana na hoteli. Hotelini, mwenye fedha ni mgeni wa heshima. Klabuni, mtu anaweza kuwa na fedha za kulinunua jengo zima pamoja na bustani yake, na bado mlinzi akamwomba kwa adabu arudi alikotoka. Kuta, paa na viti vinaweza kufanana na vya hoteli ya jirani. Kinacholifanya jumba kuwa la klabu ni daftari la wanachama.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuliangalie neno lenyewe. Kiswahili kimelipokea kwa njia mbili. Wapo wanaosema "klabu", moja au nyingi, kama yaandikavyo magazeti yetu katika kurasa za michezo. Wapo pia waliopenyeza irabu wakapata "kilabu", na kwa kuwa neno sasa linaanza kwa ki-, wakalipa wingi wa "vilabu", vilevile kama wahenga wao walivyolichukua neno la Kiarabu "kitabu" wakalizalia "vitabu". Tanzania bara, neno kilabu lina maana nyingine iliyozoeleka sana, nayo ni mahali panapouzwa pombe ya kienyeji. Kwa hiyo Mkenya akimwalika rafiki yake wa Dodoma kwa maneno "tukutane kilabuni", asishangae mwenziwe akija bila koti wala tai. Katika makala haya tutatumia "jumba la klabu", na "klabuhausi" tutawaachia mawakala wa nyumba.

Isidhaniwe kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakuwa na mahali pa kukutania kabla ya neno hilo kufika. Katika miji ya pwani, nyumba ya Mswahili ilijengwa pamoja na baraza, yaani kiti cha mawe au saruji kilichoshikana na ukuta wa nje, ambapo wanaume walikaa jioni wakanywa kahawa, wakacheza bao na kuzungumza habari za mji. Baraza lilikuwa na wenyeji wake wa kila siku na heshima zake za nani aketi wapi. Hata hivyo, halikuwa na ada, mwekahazina wala fomu ya maombi, na mpita njia aliyetoa salamu hakuulizwa kadi. Visiwani Unguja, vyama vya taarabu vilikwenda hatua moja mbele. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa chama chenye wanachama, na mahali pa chama kama hicho palikuwa pa mazoezi, pa kutunzia ala na pa kuzungumzia mambo ya wenyewe.

Jumba la klabu la aina ya Kiingereza lilizaliwa London, likitokana na nyumba za kunywea kahawa na chokoleti. Klabu ya White's, ambayo hutajwa kuwa kongwe kuliko zote jijini humo, ilianza mwaka 1693 kama nyumba ya chokoleti. Waliozoea kukaa humo walichoka kuchanganyika na kila aingiaye barabarani, wakaifanya nyumba kuwa yao peke yao. Karne ya 19 ilipofika, klabu zilikuwa zikijengewa majumba makubwa mithili ya kasri. Waingereza waliokwenda kutawala India walibeba desturi hiyo, na mjini Kolkata wakaanzisha Bengal Club mwaka 1827.

Kutoka India desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na utawala na reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka uliofuata Mombasa Club ilikuwa imeanzishwa, si mbali na Fort Jesus. Nairobi Club ilianzishwa mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Ziwa Victoria. Nairobi yenyewe wakati huo ilikuwa kambi ya matope na mabati, lakini klabu tayari ilikuwapo. Maafisa wa serikali walikutana huko kilimani. Walowezi, ambao hawakupatana sana na maafisa hao, walipata mahali pao wenyewe Muthaiga Country Club ilipofunguliwa mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1913.

Sifa za Muthaiga zilienea hadi Ulaya, tena si kwa mambo mema. Usiku wa Januari 23, 1941, Lord Erroll alikula chakula cha jioni humo pamoja na Sir Jock Delves Broughton na mkewe, Diana, ambaye Erroll alikuwa na uhusiano naye wa kimapenzi. Alfajiri iliyofuata maiti yake ilikutwa ndani ya gari katika eneo la Karen, akiwa amepigwa risasi. Broughton alishtakiwa na kuachiliwa huru, na muuaji hajajulikana kwa hakika hadi leo. Vitabu na filamu vimetungwa kuhusu kisa hicho. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mengi mno yameandikwa kuhusu waliokuwa mezani, na machache mno kuhusu waliopika chakula hicho na kukiandaa.

Kwani Mwafrika hakukosekana katika majumba hayo. Alikuwapo tangu siku ya kwanza, ila aliingilia mlango wa nyuma. Alikuwa mpishi, mhudumu aliyevaa kanzu nyeupe, mtunza nyasi, au kijana wa kubeba mkoba wa fimbo za gofu. Aliyajua majina ya wanachama, vinywaji vyao na madeni yao. Uanachama ndio aliofungiwa, na wala hakufungiwa kwa sababu ya ada. Ubaguzi wa rangi haukuhitaji kuandikwa ukutani maadamu kila ombi lilipigiwa kura ya siri. Katika klabu nyingi za Kiingereza kura hiyo ilipigwa kwa vipira vidogo vilivyotumbukizwa katika kisanduku, cheupe cha kukubali na cheusi cha kukataa. Kipira kimoja au viwili vyeusi vilitosha kumzuia mtu, na hakuna aliyelazimika kueleza sababu.

Wahindi na Wagoa, waliofungiwa vilevile, walijijengea majumba yao. Goan Institute ya Nairobi ilianza mwaka 1905, na baadaye jamii hiyohiyo ikawa na klabu nyingine kadhaa, makarani mahali pao na mafundi cherehani mahali pao, ishara kwamba aliyefungiwa mlango naye hujifunza kuufunga. Lakini klabu za Waasia zilikuwa na viwanja, na viwanja hivyo vilizaa matunda. Wachezaji wengi wa timu ya taifa ya mpira wa magongo, iliyoshiriki Olimpiki kuanzia mwaka 1956 na kumaliza katika nafasi ya sita mjini Tokyo mwaka 1964, walilelewa humo.

Kwa wafanyakazi Waafrika wa Nairobi, lililokaribia zaidi jumba la klabu lilikuwa ukumbi wa mtaa uliojengwa na baraza la mji. Wakoloni walitarajia kwamba dansi, ndondi na mashindano ya dati yangewapumzisha watu wasifikirie siasa. Ukumbi wa Kaloleni, katika mtaa uliojengwa miaka ya 1940, uliwaonyesha kosa lao. Mnamo Aprili 23, 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na East African Indian National Congress ukumbini humo, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mei 15 mwaka huohuo alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na akazuiliwa hadi mwaka 1961. Katika majumba yenye mazulia kule kilimani, hoja kama hiyo isingeweza kuwasilishwa, kwani waliokuwa na haja nayo hawakuruhusiwa kuketi.

Je, ndani ya jumba la klabu mna nini? Kwa kawaida mtu huanza kwa sebule yenye ubao wa matangazo na kuta zenye mbao zilizoandikwa kwa rangi ya dhahabu majina ya manahodha na wenyeviti tangu klabu ilipoanzishwa. Mbao hizo ni kumbukumbu za historia ambazo watafiti wetu hawajazitumia vya kutosha: ukizisoma kutoka juu hadi chini utaona mwaka hasa ambao majina ya Kiingereza yalianza kuchanganyika na ya Kikamau na Otieno. Hufuata kabati la vikombe, vyumba vya kubadilishia nguo, baa, chumba cha kulia, pengine maktaba na vyumba vya kulala wageni. Zamani mwanachama hakushika fedha. Alitia saini karatasi na deni likalipwa mwisho wa mwezi. Jina la asiyelipa lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na aibu hiyo ilitosha kuliko barua ya wakili. Klabu nyingi pia zina mapatano na nyenzake za miji na nchi nyingine, hivi kwamba mwanachama wa Nairobi huweza kulala katika klabu ya ng'ambo kama mwenyeji.

Kisheria, klabu ya wanachama si duka. Huandikishwa chini ya Sheria ya Vyama au kama kampuni isiyogawa faida, na mali yake ni ya wanachama kwa pamoja. Ipo aina nyingine, ile inayomilikiwa na mtu au kampuni ambayo huuza uanachama kama bidhaa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 huzitofautisha aina hizo mbili katika leseni. Kwa mgeni anayekunywa soda yake barazani tofauti haionekani. Kwa mwanachama ni kubwa mno, kwa sababu katika aina ya kwanza yeye ni mmoja wa wenye nyumba, na katika ya pili ni mteja mwenye kadi.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, haikuwezekana tena kumfungia mtu mlango kwa rangi yake na klabu ikasalimika. Majaji, mawaziri na wafanyabiashara Waafrika walijiunga, na punde wakawa wenyeviti. Jinsia ilichukua muda mrefu zaidi. Baa za wanaume pekee zilidumu kwa miongo mingi, na mara nyingi mwanamke aliingia kama mke wa mwanachama, haki yake ikifuata ndoa yake. Kesi iliyotikisa desturi hizo ilihusu Limuru Country Club, ambapo wanachama wanawake walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni zilizowabagua. Mwaka 2014 majaji waliamua kwamba klabu, hata ikiwa ya watu binafsi, haiwezi kujificha nyuma ya kanuni zake ili kukiuka haki ya usawa iliyomo katika Kipengele cha 27 cha Katiba. Hoja ya kwamba "hapa ni nyumbani kwetu, tunamkaribisha tumtakaye" ilikuwa ngao ya klabu kwa zaidi ya karne moja, na mahakama iliipunguza unene.

Wakenya hawakuwa peke yao katika mvutano huo. Augusta National ya Marekani, ambako mashindano ya Masters huchezwa, ilimpokea mwanachama mweusi wa kwanza mwaka 1990 na wanawake wa kwanza mwaka 2012. Kule St Andrews, Scotland, jumba la Royal and Ancient limesimama nyuma ya mahali pa kuanzia mchezo tangu mwaka 1854, lakini klabu hiyo ilipiga kura ya kuwakubali wanawake Septemba 2014.

Gofu, kwa hakika, ndio mchezo ulioipa lugha misemo mingi ya jumba la klabu. Uwanja kamili una mashimo 18, na baa huitwa kwa mzaha "shimo la 19", maana huko ndiko mchezo huishia na hadithi zake huanzia. Katika habari za mashindano msomaji atakutana pia na usemi kwamba fulani "anaongoza akiwa jumbani". Wachezaji wa gofu hawaanzi pamoja. Aliyetangulia kuanza humaliza mapema, hutia saini kadi yake na kuingia ndani, huku wenzake wangali uwanjani. Akiwa na alama bora miongoni mwa waliomaliza, ndiye kiongozi wa jumbani, na hana la kufanya ila kuketi dirishani akisubiri kuona kama atapitwa. Wanaofuatilia Kenya Open, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika Muthaiga Golf Club (ambayo isichanganywe na Muthaiga Country Club), wanajua jinsi subira hiyo ilivyo chungu. Kwenye raga, jumba lina kazi nyingine: katika viwanja vya Ngong Road, timu zilizotoka kuumizana kwa dakika 80 huketi kula na kunywa pamoja, na desturi hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya mchezo.

Kandanda yetu haikubahatika hivyo. Gor Mahia na AFC Leopards zimecheza miongo mingi katika viwanja vya umma, na mashabiki wao hukusanyika popote penye nafasi. Jijini Dar es Salaam hali ni tofauti. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyofuata mwaka 1936, zimejulikana kwa mahali zilipoweka makao yao kiasi kwamba mahali hapo pamekuwa majina: Watoto wa Jangwani na Wekundu wa Msimbazi. Mtu hahitaji kuwa na kadi ili kujiita hivyo.

Kuna aina moja ya jumba la klabu ambayo haijulikani vya kutosha kwetu, nayo inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu imeugeuza mlango upande wa pili. Katika miaka ya 1940, watu kadhaa waliotoka katika hospitali ya maradhi ya akili ya Rockland, jimbo la New York, walianza kukutana ili kusaidiana. Walijiita kwa jina lenye maana ya "hatuko peke yetu". Mwaka 1948 walipata nyumba jijini New York yenye chemchemi uani, wakaiita Fountain House. Huo ndio mwanzo wa mfumo wa majumba ya klabu kwa watu wenye maradhi ya akili, ambao umeenea katika nchi nyingi.

Katika jumba la namna hiyo hakuna mgonjwa. Yupo mwanachama. Uanachama ni wa hiari na hauna kikomo. Aliyepotea miaka mitano kwa sababu ya maradhi akirudi hukuta nafasi yake ingalipo. Dawa na matibabu hutolewa kwingine. Jumbani watu hufanya kazi ya kuliendesha jumba lenyewe: kupika chakula cha mchana, kupokea simu, kuandika hesabu, kutunza bustani, kumtembelea mwenzao ambaye hajaonekana kwa wiki. Wafanyakazi wa kuajiriwa ni wachache kwa makusudi, ili kazi isiwezekane bila wanachama. Hakuna chumba cha wafanyakazi peke yao, wala mkutano ambao mwanachama hawezi kuhudhuria. Miongozo ya mfumo huo inataka jumba liwe na jina, anwani na simu yake, mbali na hospitali, ili aingiaye asionekane kuwa anakwenda kutibiwa.

Jambo la busara zaidi ni mpango wa ajira. Jumba hupatana na kampuni ya kawaida itoe nafasi ya kazi ya saa chache kwa miezi kadhaa, kwa mshahara uleule alipwao mwingine yeyote. Mwanachama akishindwa kufika siku fulani, jumba humtuma mwanachama mwingine au mfanyakazi wake kuifanya kazi hiyo, na mwajiri hapati hasara. Mwaka 2014 Fountain House na shirika la kimataifa linalounganisha majumba hayo zilitunukiwa tuzo ya kibinadamu ya Conrad N. Hilton. Katika nchi yetu, ambako wengi waliougua akili hutoka hospitalini na kurudi kwenye chumba cha nyuma ambacho hakuna jirani anayebisha hodi, nyumba ya mchana yenye kazi na majina ya watu ingekuwa na thamani kuliko majengo mengi tunayoyafungua kwa kukata utepe.

Neno hilo limetumika hata kwa mahali pasipo na paa. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilizinduliwa programu ya simu iliyoitwa Clubhouse, ambayo watu waliitumia kuzungumza kwa sauti katika vyumba vya mtandaoni. Mwanzoni hakuna aliyeingia bila kualikwa, na kualikwa kwenyewe kukawa fahari. Mnamo Julai 2021 sharti hilo liliondolewa, na wengi waliokuwa wakililia mwaliko wakaacha kupiga hodi.

Turudi basi kwa mnunuzi wa nyumba na tangazo lake. Jumba la klabu la mtaa wenye lango lina faida za kweli. Huwapa watoto mahali pa kuchezea mvua inaponyesha, huwapa wakazi ukumbi wa mikutano, na hupunguza gharama ya sherehe ndogo. Lakini uanachama wake hautokani na kura wala mapenzi ya mchezo, bali na hati ya ununuzi, na ndiyo maana jambo la kwanza la kuuliza si ukubwa wa bwawa. Ni jumba hilo limeandikwa kwa jina la nani.

Kwa nyumba za ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inasema kwamba kila kitu kilicho katika uwanja huo na kisichokuwa ndani ya nyumba ya mtu binafsi ni mali ya pamoja, nayo humilikiwa na wenye nyumba kwa mafungu na kusimamiwa na shirika lao. Kwa mitaa ya nyumba zilizo katika viwanja vyake binafsi, aghalabu mali ya pamoja huwekwa chini ya kampuni ya usimamizi ambayo kila mnunuzi hupewa hisa ndani yake. Ikiwa mjenzi hajaihamishia kampuni hiyo hati ya kiwanja cha jumba, wakazi watakuwa wanalipa kila mwezi kulitunza jengo la mtu mwingine, naye anaweza kulikodisha kwa mikahawa au kulitumia kama dhamana ya mkopo. Mnunuzi na wakili wake wanapaswa kuiona ramani iliyosajiliwa, wasome masharti yanayohusu mali ya pamoja, na wahakikishe tarehe ya kukabidhiwa jumba imeandikwa katika mkataba wa mauzo kabla malipo ya kwanza hayajatolewa.

Ada ya kila mwezi nayo iulizwe: ni kiasi gani, nani hukipanga, na je, asiyeogelea wala kucheza biliadi atalipa sawa na wengine? Kwa kawaida atalipa, awe hutia mguu humo au la.